Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Jamii na Wajasiriamali wa Chakula Wanavyoweza Kushirikiana

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya vikundi vinavyotaka kuwasaidia wajasiriamali wadogo wa chakula, kwa wajasiriamali wenyewe, na kwa wateja wanaojiuliza kama mchango wao una maana yoyote. Leseni, kodi na usajili hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo katika mambo hayo tumeeleza kanuni za jumla tu.

Ushirikiano wa jamii katika biashara ya chakula una maana gani hasa?

Una maana kwamba watu wenye masilahi tofauti katika chakula kilekile, yaani mkulima, msindikaji, mchukuzi, muuzaji, mlaji na mara nyingi taasisi ya umma, wanakubaliana kubeba kwa pamoja gharama au hatari ambayo ingemlemea mmoja wao akiwa peke yake. Vikao vya kupongezana na maonyesho ya siku moja vina nafasi yake, lakini mjasiriamali akirudi kwake na kukuta friji ileile ndogo, deni lilelile na mnunuzi yuleyule mmoja, basi hajasaidiwa bado, amesalimiwa tu. Ndiyo maana katika majibu yanayofuata tutakuwa tukiuliza kila mara ni mzigo gani umeondolewa, na ni nani aliyeubeba.

Kwa nini biashara ya chakula ihitaji ushirikiano kuliko biashara nyingine ndogo?

Kwa sababu chakula hakingoji. Fundi wa viatu asipopata mteja leo, viatu vitakuwapo kesho. Mwenye maziwa, mboga au mkate anahesabu saa. Pili, vifaa vinavyozuia uharibifu, kama vile chumba cha ubaridi, mashine ya kukaushia na gari lenye jokofu, hugharimu karibu sawa kwa anayezalisha kilo 50 na kwa anayezalisha kilo 500, hivyo mdogo hulipa zaidi kwa kila kilo. Tatu, kosa moja la usafi humdhuru mlaji asiyemjua mzalishaji, na sifa mbaya ikisambaa huwaangukia wote wanaouza bidhaa ya aina hiyo. Mtu anaweza kuwa mpishi hodari na bado akashindwa na mambo haya matatu.

Biashara ya chakula iliyo endelevu ni ipi? Je, ni lazima iwe ya kilimo hai, yaani kisichotumia mbolea na dawa za viwandani?

Si lazima. Biashara ni endelevu ikiwa inaweza kufanya mwaka ujao ilichokifanya mwaka huu bila kuchosha udongo, kumaliza maji, kuwanyonya wanaofanya kazi ndani yake, au kuishi kwa misaada isiyokoma. Sharti hili la mwisho husahaulika mno. Biashara inayotumia vifungashio vya karatasi na mbolea ya mboji lakini inauza chini ya gharama zake haina mwaka ujao.

Eneo moja ambalo mazingira na mfuko wa mjasiriamali husema lugha moja ni upotevu. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira iliyotolewa mwaka 2024, tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani mwaka 2022, sawa na asilimia 19 ya chakula kilichokuwapo kwa ajili ya walaji. Asilimia 60 ya kiasi hicho ilitupwa majumbani, asilimia 28 kwenye huduma za chakula na asilimia 12 madukani. Hapo hakijahesabiwa kinachopotea kati ya mavuno na duka. Kila kilo inayookolewa ilikwisha kulipiwa maji, mbegu, jasho na usafiri.

Je, wazo la jamii kuungana kwa ajili ya chakula ni jipya?

Hapana, na kujua historia yake husaidia kuepuka makosa ya zamani. Tarehe 21 Desemba 1844, kikundi kilichoanzishwa na watu 28 mjini Rochdale, Uingereza, wengi wao wafumaji na mafundi, kilifungua duka dogo lenye unga, siagi, sukari na shayiri iliyosagwa. Wakati huo wafanyabiashara wengi walikuwa wakichanganya chakula na vitu visivyofaa na kupunja mizani. Ahadi ya duka lile ilikuwa bidhaa safi na kipimo kamili, na ziada ya mwisho wa kipindi iligawanywa kwa wanachama kulingana na kiasi ambacho kila mmoja alikuwa amenunua. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba waanzilishi wale waliamua kuuza kwa fedha taslimu tu, kwa kuwa walijua maduka ya ushirika yaliyotangulia yaliuawa na madeni.

Upande wa fedha, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo cha wakulima huko Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, na Alphonse Desjardins akafanya la kufanana nalo mjini Lévis, Kanada, mwaka 1900. Nchini Japani, miaka ya 1970, familia zilizohofia viuatilifu katika chakula ziliingia mapatano ya moja kwa moja na wakulima, utaratibu unaoitwa teikei, ambapo mlaji huchukua mavuno jinsi yalivyo na mkulima hulima jinsi alivyoahidi. Shirikisho la kimataifa la vyama vya ushirika liliundwa London mwaka 1895, na misingi saba inayotumika leo, ikiwemo uanachama wa hiari na kura moja kwa kila mwanachama, ilipitishwa kwa maneno yake ya sasa mwaka 1995.

Kikundi kinachotaka kusaidia kianze wapi?

Kianze kwa kusikiliza, kisha kuhesabu. Waulizeni wajasiriamali 10 hivi swali moja tu: wiki iliyopita, ni kitu gani kilikupotezea fedha? Msiulize wanahitaji nini, kwa maana swali hilo huzaa orodha ya matamanio na jibu la karibu kila mtu huwa ni mtaji. Mkiuliza kuhusu hasara ya wiki iliyopita mtasikia kwamba umeme ulikatika usiku, chupa zilinunuliwa kwa bei ya rejareja, mnunuzi hajalipa tangu mwezi juzi, au lori liliondoka nusu tupu. Kilio kinachojirudia mara 6 au 7 kati ya hizo 10 ndicho mradi wenu wa kwanza, na mara nyingi si kile ambacho kamati ilikuwa imekiandaa.

Chagueni jambo moja, mlifanye kwa miezi 6, kisha ndipo mfikirie la pili. Tunalisisitiza hili kwa sababu vikundi vingi hufa kwa kushiba mipango.

Jiko la pamoja huendeshwaje bila kugeuka uwanja wa ugomvi?

Swali hili linastahili jibu refu, maana jiko la pamoja ni mojawapo ya misaada yenye nguvu zaidi na vilevile mojawapo inayovunjika haraka zaidi. Methali husema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini haisemi ni nani atakayenunua sabuni.

Jambo la kwanza ni zamu. Zamu ya saa 4 iwe na nusu saa ya usafi ndani yake, si baada yake, na anayeingia akague jiko pamoja na anayetoka, wote wawili watie sahihi kwenye daftari moja. Asiyesafisha hukatwa kiasi kilichokubaliwa kutoka kwenye amana aliyoweka alipojiunga. Kikundi kinachotegemea aibu badala ya amana kitaishia kusafishiwa jiko na watu wawili walewale, hadi siku watakapochoka.

Jambo la pili ni joto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, kiwekwe baridi chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na kikitunzwa cha moto kiwe juu ya nyuzi 60. Kusema ni rahisi. Chukua sufuria ya lita 20 ya mchuzi wa nyanya uliopikwa jioni. Mwenye nayo amechoka, anaifunika na kuisukuma ndani ya friji ya pamoja ikiwa bado inatoa mvuke. Asubuhi ukigusa pembeni mwa sufuria ni baridi, lakini ukichoma kipimajoto katikati unakuta bado ni vuguvugu, na usiku kucha joto lake limepandisha nyuzi za maziwa ya jirani yaliyokuwa rafu ya juu. Mchuzi ule ungegawanywa kwenye trei pana zenye kina cha sentimita 5 tu, au sufuria ingetumbukizwa kwenye maji ya barafu huku mchuzi ukikorogwa, hasara hiyo isingetokea. Kwa hiyo jiko liwe na trei za kutosha, kipimajoto cha kuchoma, na karatasi ukutani ambako nyuzi za friji huandikwa mwanzo na mwisho wa kila zamu.

Jambo la tatu ni mzio. Karanga, maziwa, mayai, ngano, soya, samaki na wanyama wa baharini wenye magamba, kama kamba na kaa, vinaweza kumdhuru vibaya mtu mwenye mzio hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo anayesaga karanga asifuatwe mara moja na anayeoka mikate ya watoto kwenye meza ileile. Panga zamu za siku tofauti, tenganisha vyombo kwa rangi, na kila lebo itaje viambato hivyo waziwazi.

Mwisho, kama kuna wanaosindika vyakula vya chupa au kopo, kikundi kinunue kipima asidi kizuri. Bakteria wanaosababisha sumu ya botulizimu hawakui kwenye chakula chenye pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi) ya 4.6 au chini yake, na kifaa kinachotofautisha chupa salama na chupa ya hatari hutoshea mkononi. Hatuoni sababu ya kila mzalishaji kununua chake ilhali kimoja kinatosha jiko zima, mradi yuko mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi ya kukirekebisha ili kisome sawasawa.

Je, wanaozalisha kidogo wanahitaji mfumo wa usalama wa chakula kama viwanda vikubwa?

Wanahitaji fikra yake, hata kama hawahitaji makabrasha yake. Utaratibu wa kuchambua hatari na kudhibiti hatua muhimu ulibuniwa miaka ya 1960 wakati wa kuandaa chakula cha wanaanga wa Marekani, kisha ukaenea duniani. Kiini chake ni kujiuliza ni katika hatua ipi chakula hiki kinaweza kumdhuru mtu, kipimo gani kinanionyesha kuwa hatua hiyo imekwenda sawa, na nifanye nini kisipokwenda sawa. Ukurasa mmoja kwa kila bidhaa unatosha kuanzia. Kila bechi, yaani bidhaa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, ipewe namba, ili likitokea tatizo zirudishwe chupa 30 badala ya 3,000.

Mjasiriamali asaidiweje kupanga bei?

Asaidiwe kwa kukaa naye na kupima, maana makosa mengi ya bei hutokana na uzito unaopotea njiani. Tuseme anakausha matunda. Amenunua kilo 10. Maganda na kokwa ni kilo 3, zimebaki kilo 7 za nyama ya tunda. Ikiwa asilimia 85 ya nyama hiyo ni maji, kitu kikavu kilichomo ni kilo 1.05 tu, na akikausha hadi unyevu ubaki asilimia 15 atapata takriban kilo 1.24. Hizo ni pakiti 12 za gramu 100. Moja itaonjwa na wateja, zimebaki 11. Aliyegawanya gharama ya matunda kwa kilo 7, kwa kuwa ndizo alizoziona kwenye beseni, amejidanganya zaidi ya mara 5, na kadiri atakavyouza ndivyo atakavyozidi kufilisika.

Baada ya malighafi huja kazi yake mwenyewe, ambayo wengi huihesabu kuwa bure, kisha umeme au kuni, kifungashio, usafiri, pakiti zitakazorudishwa, na sehemu ya duka. Duka likichukua asilimia 30 ya bei ya rejareja ilhali gharama zake ni asilimia 75 ya bei hiyohiyo, kila pakiti inayouzwa dukani inamtia hasara ya asilimia 5, ingawa akiiuza mwenyewe kwa mkono anapata asilimia 25. Mwanajamii mwenye ujuzi wa uhasibu akijitolea mchana mmoja kwa mwezi kufanya hesabu hizi na wajasiriamali, huenda akawa ametoa msaada mkubwa kuliko aliyechangia fedha. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mtaji upatikane wapi bila kuwatia wajasiriamali kwenye madeni mabaya?

Vyanzo ni vingi, na kila kimoja kina kazi yake. Hisa za wanachama zinafaa kununua vifaa vya kudumu. Chama cha akiba na mikopo kinafaa kwa mtaji wa mzunguko, kwa kuwa wakopeshaji wanamfahamu mkopaji na msimu wake. Ruzuku inafaa kwa mafunzo na majaribio, lakini haifai kulipia mishahara ya kila mwezi, kwa sababu siku itakapokatika biashara itakatika nayo.

Chanzo kinachotuvutia zaidi ni malipo ya awali ya wateja. Kaya kadhaa hulipia sehemu ya mazao kabla ya msimu, kisha hupokea kapu lao kila wiki. Mashamba mawili ya Marekani, moja katika jimbo la Massachusetts na jingine New Hampshire, yalianza utaratibu huu mwaka 1986, na tangu hapo umeigwa na mengi. Mkulima hupata fedha wakati anapozihitaji, yaani wakati wa kupanda, na hajibebeshi riba. Hata hivyo, mteja naye amebeba hatari ya ukame na wadudu, na lazima aambiwe hivyo kwa maandishi kabla ya kutoa fedha yake. Anayekusanya malipo ya awali aanze na kaya chache anazoweza kuzilisha hata mavuno yakiwa nusu, na fedha hizo ziwe na akaunti yake. Tumeona nia njema ikiharibika kwa sababu malipo ya msimu wa pili yalitumika kuziba pengo la msimu wa kwanza.

Kwa upande wa mikopo, ratiba ya marejesho ifuate mavuno. Mkopo wa marejesho ya kila wiki kwa mtu anayevuna baada ya miezi 4 humlazimisha kukopa kwingine ili alipe.

Kununua na kuuza kwa pamoja kuna faida gani?

Faida ya kununua pamoja huonekana mapema: chupa, vifuniko, magunia na mbegu hushuka bei kwa jumla, na gharama ya lori hugawanyika. Kuuza pamoja ni kugumu zaidi, kwa sababu mnunuzi anataka ubora uleule kila wiki, na mwanachama mmoja anayefunika mazao duni kwa mazuri juu ya kreti huwaponza wote. Hapo ndipo kikundi kinahitaji mpokeaji mwenye mizani, madaraja ya ubora yaliyokubaliwa na ruhusa ya kukataa mzigo wa mtu yeyote, hata wa mwenyekiti. Mpokeaji huyo alipwe. Kumtegemea anayejitolea kukataa mzigo wa jirani yake ni kumtafutia uadui bila ujira.

Mteja wa kawaida asiye na fedha za kuwekeza asaidie vipi?

Alipe bei iliyoandikwa, alipe kwa wakati, na aagize mapema. Mjasiriamali anayejua Jumatano kuwa Jumamosi atauza mikate 40 hatanunua unga wa 70. Arudishe chupa na makreti yakiwa safi. Akikuta kasoro, amwambie mhusika kwanza, kwa faragha na kwa ufafanuzi, kwa maana "haikuwa nzuri" haimfundishi mtu kitu, lakini "kifuniko kilikuwa kimelegea na juu pana ukungu" humfanya akague bechi nzima.

Halafu kuna bei ya undugu. Jamaa na marafiki wakiwa ndio wateja wa kwanza, na kila mmoja akiomba apunguziwe au aandikiwe deni, biashara huanza maisha yake ikiwa na wateja wengi na kasha tupu. Anayempenda mjasiriamali wake anunue kwa bei kamili, halafu alete mteja mwingine.

Shule, hospitali na ofisi za umma zina nafasi gani?

Zina nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa hununua kila siku na kwa kiasi kinachojulikana. Brazili ilipitisha sheria mwaka 2009 iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zitumike kununua kutoka kwa wakulima wa familia. Mji wa Belo Horizonte katika nchi hiyohiyo ulikuwa umeanza tangu mwaka 1993 kushughulikia chakula kama wajibu wa serikali ya mji, ukiunganisha wakulima wa karibu, masoko na migahawa ya bei nafuu.

Taasisi isiyo na sheria kama hiyo bado inaweza kugawa zabuni moja kubwa kuwa vipande, ili anayeweza kuleta mboga tu asilazimike kuleta na mafuta na sukari. Inaweza pia kupanga vyakula kwa kufuata msimu. Zaidi ya yote inaweza kulipa ndani ya siku 14. Ankara inayokaa siku 90 huweza kumuua mzalishaji mdogo aliyepata zabuni ile kwa shangwe, na katika hali hiyo kikundi kinachomsaidia kinapaswa kumshauri aikatae.

Uthibitisho wa kilimo hai ni ghali. Kuna njia nyingine?

Ipo, nayo ni mfumo shirikishi wa uhakiki, ambamo wakulima na walaji huandika viwango pamoja, hutembeleana mashambani kwa zamu na kuamua kwa kikao ni nani amekidhi. Gharama yake ni muda zaidi kuliko fedha, na hufundisha sana kwa sababu anayekagua leo atakaguliwa mwezi ujao. Udhaifu wake ni kuoneana haya, ambao hupunguzwa kwa kuhakikisha kila ukaguzi una mlaji mmoja na mkulima wa eneo jingine. Kwa soko la nje ya nchi, wanunuzi wengi bado watadai cheti cha mkaguzi huru.

Mabaki yafanyiwe nini?

Mpangilio unaokubalika ni kuzuia kwanza, kulisha watu, kulisha mifugo, kisha kutengeneza mboji. Tangu mwaka 2016 Ufaransa imeyazuia maduka makubwa kuharibu kwa makusudi chakula kinacholika, na kuyataka yaingie mikataba na mashirika ya misaada. Kikundi kidogo kinaweza kupanga saa maalumu ya kupokea chakula kisichouzwa, kikiwa na orodha ya tarehe na nyuzi joto, kwa sababu chakula cha msaada hakina ruhusa ya kuwa na usalama pungufu. Kwa mboji, changanya mabaki mabichi na majani makavu, maranda au karatasi hadi kaboni, iliyo nyingi kwenye vikavu, iwe takriban mara 25 hadi 30 ya nitrojeni, iliyo nyingi zaidi kwenye mabichi. Lundo linalonuka lina mabichi kupita kiasi au linakosa hewa.

Kwa nini vikundi vingi huvunjika, na tufanye nini?

Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza jinsi watu wanavyotunza kwa pamoja malisho, maji ya umwagiliaji na maeneo ya uvuvi. Aliona kuwa mali ya pamoja hudumu pale mipaka ya wanaohusika inapojulikana, kanuni zinapotungwa na wanaozitumia, ufuatiliaji unapokuwapo, adhabu zinapoanza ndogo na kupanda taratibu, na migogoro inapopata mahali rahisi pa kusuluhishwa. Jiko la pamoja halina tofauti kubwa na mfereji wa pamoja.

Kwa uzoefu wetu, dalili ya kwanza ya kuvunjika si wizi. Ni katibu anayeandika mihtasari, kufuata ada, kufungua mlango alfajiri na kupokea lawama bila kulipwa chochote, na ambaye siku moja huacha kujibu simu. Lipeni kazi hiyo hata kidogo, au izungushwe kila baada ya miezi 6. Dalili ya pili ni hesabu zinazosomwa mara moja kwa mwaka. Zibandikeni ukutani kila mwezi, na funguo za fedha ziwe kwa watu wawili wasio wa nyumba moja.

Mjasiriamali asiyetaka kujiunga na kikundi anaweza kusaidiwa?

Anaweza. Alipie huduma anayoitumia, kwa mfano saa za jiko au nafasi ya lori, kwa bei ya juu kidogo kuliko ya mwanachama. Ushirika ni wa hiari.

Tutajuaje kwamba msaada wetu unafaa?

Hesabuni vitu vinne kila robo mwaka: kilo zilizoharibika, siku ambazo ankara zilikaa bila kulipwa, idadi ya wanunuzi wa kila mjasiriamali, na kiasi alichojilipa mwenyewe. Idadi ya waliohudhuria mafunzo haimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Mtu anaweza kuhudhuria mafunzo manane na bado akauza pakiti zile 11 kwa hasara.

Biashara ikikua na kuzidi uwezo wa jiko la pamoja, je, iondoke?

Iondoke, na masharti ya kuondoka yaandikwe siku ya kujiunga: notisi ya miezi mingapi, amana inarudishwa lini, hisa zinauzwa kwa nani, na mapishi ni mali ya nani. Kipengele cha mapishi huonekana kidogo hadi siku ambapo wawili wanadai achari ileile. Inafaa pia kuwepo makubaliano ya kuendelea kununua vifungashio kupitia kikundi kwa mwaka mmoja, kwa sababu mnunuzi mkubwa anapotoka ghafla, bei ya jumla ya chupa huwapandia wale waliobaki.